Jinsi ya kuzitafuta mwenyewe sayari tatu za K2-136, nyota changa ya Hyades

Kuna nyota inaitwa K2-136, ipo kwenye fungu la nyota linaloitwa Hyades, na ina sayari tatu ambazo kila baada ya siku kadhaa zinapita mbele yake na kuipunguzia mwanga kidogo. Data zake ziko mtandaoni bure tangu 2017, mtu yeyote anaweza kuzichukua. Hapa ntakuonyesha namna ya kuzipakua, kuzisafisha na kuzitoa sayari zote tatu kwa mkono wako, kwa laptopu ya kawaida au hata simu yenye bando, na njiani ntakuwa naeleza kwanini tunafanya kila kitu, maana ukikopi na kupesti tu utaishia na grafu nzuri ambayo hujui inasema nini.

Kwanini nyota hii na sio nyingine wakati sayari zinazojulikana nje ya mfumo wetu ni maelfu? Sababu ni umri. Nyota ikiwa peke yake angani kujua ina miaka mingapi ni kazi ngumu sana, hata wataalamu wanakadiria na makosa yanaweza kuwa ya miaka mabilioni. Lakini nyota za fungu moja zimezaliwa pamoja kutoka kwenye wingu moja la gesi, kwahiyo ukishajua umri wa fungu umejua wa kila mmoja wao. Hyades ina miaka kama milioni 650 hadi 800, jua letu lina bilioni 4.6, yani hizi sayari tunaziona zikiwa bado katika umri ambao dunia yetu ilikuwa nao karibu miaka bilioni 4 iliyopita. Na huo ndio wakati ambao mambo mengi yanatokea, nyota changa inarusha mionzi mikali ya eksirei na milipuko, sayari iliyo karibu nayo inaweza kunyang'anywa hewa yake taratibu mpaka ibaki mwamba mtupu. Ukitaka kujua sayari zinakuwaje zikikua lazima uwe na za umri tofauti tofauti ambazo umri wake hauna ubishi, na za namna hiyo ni chache mno. Ndio maana mimi naona hii nyota moja ina thamani kuliko nyota mia ambazo hatujui zilizaliwa lini.

Anza kwa macho kwanza

Kabla ya kompyuta toka nje. Kuanzia Disemba mpaka Februari ukiwa Afrika Mashariki tafuta Kilimia, kile kikundi kidogo cha nyota zilizobanana ambacho wakulima wametazama vizazi na vizazi kujua msimu. Katikati ya Januari kwenye saa tatu usiku kitakuwa juu upande wa kaskazini. Pembeni yake kidogo ukielekea upande wa Jabari (Orion) utaona nyota zimejipanga kama herufi V, na ncha moja ya hiyo V ina nyota kubwa yenye wekundu. Hiyo V ndio Hyades.

Ile nyekundu ni Dabarani (Aldebaran) na yenyewe sio mwanafamilia, iko miaka ya nuru kama 65 tu kutoka kwetu wakati fungu lenyewe liko 153 hivi, imesimama njiani tu. Hili lishike vizuri kwasababu ndio somo la kwanza la mafungu ya nyota, kuonekana pamoja sio kuwa pamoja, na tutalirudia hili tukifika kwenye kuhakiki. Ncha ya pili ya V inaitwa Ain, hiyo ni mwanafamilia kweli, na 2007 timu ya Bun'ei Sato wa Japani ilitangaza sayari inayoizunguka kila siku 595 hivi, sayari nzito mara saba na zaidi ya Mshtarii. Ilikuwa sayari ya kwanza kabisa kupatikana kwenye fungu la nyota la aina hii. Ile waliipata kwa kuona nyota inavyotikisika, haikupita mbele.

K2-136 yenyewe kwa macho huioni. Ina mng'ao wa daraja la 11 wakati jicho kwenye giza zuri linaishia la 6, kila madaraja 5 ni mara 100, kwahiyo imefifia mara 100 kuliko nyota ya mwisho ambayo jicho lako linaweza kuigusa. Darubini ya inchi 4 au 5 kwenye giza itakuonyesha kinukta, basi. Sayari zake utaziona kwenye namba tu, na namba ndio tunazifuata sasa.

Data zilitoka wapi

Darubini ya angani Kepler ya NASA. 2013 gurudumu la pili kati ya manne yaliyokuwa yanaituliza liliharibika, ikashindwa kutulia sehemu moja, wahandisi wakatafuta njia ya kuitegemeza kwa kutumia msukumo wa mwanga wa jua wenyewe na kazi ikaendelea kwa jina la K2 kuanzia 2014 hadi ilipozimwa Oktoba 2018. Awamu ya 13 ilielekezwa kwenye kundinyota la Ng'ombe kuanzia Machi mpaka Mei 2017, siku 80 hivi, na nyota yetu ikiwemo ndani kwa namba EPIC 247589423. Kila baada ya dakika 30 inarekodiwa mwanga wa nyota. Timu tatu tofauti zikaziona hizo sayari karibu kwa wakati mmoja bila kutegemeana, na hilo linakupa imani kwamba mchoro uko wazi, hata wewe utauona.

Ila hiyo namna ya kutulia kwa mwanga wa jua ina gharama yake. Darubini ilikuwa inateleza polepole alafu kila kama masaa sita inajisukuma kurudi, na nyota ikihama kwenye vipikseli mwanga unaorekodiwa unabadilika hata kama nyota yenyewe haijabadilika. Kwahiyo data mbichi ina meno meno kama ya msumeno. Andrew Vanderburg na John Johnson 2014 walitoa njia ya kuyafuta hayo meno kwa kufuatilia nyota ilikuwa pikseli gani wakati gani, na data zilizosafishwa hivyo zinaitwa K2SFF. Tumia hizo, usianze na mbichi.

Kuzichukua

Fungua Google Colab, ukurasa wa Google wa kuandika na kuendesha programu, kwenye kivinjari, unahitaji akaunti ya Google tu, hamna cha kuinstoo kwenye mashine yako na hesabu zote zinafanyika huko kwao, ndio maana hata simu inatosha ingawa grafu kwenye simu zinabana macho. Anzisha notibuku mpya, weka mistari hii:

!pip install lightkurve

import lightkurve as lk
import numpy as np
lc = lk.search_lightcurve('EPIC 247589423', author='K2SFF', campaign=13).download()
lc = lc.remove_nans().normalize()
lc.plot()

Lightkurve ni programu ya Python iliyotengenezwa mahsusi kwa data za Kepler na TESS (darubini nyingine ya angani ya NASA), inaenda yenyewe kwenye hazina ya data ya MAST kule Baltimore na kuleta faili. Faili ni dogo, halikumalizii bando.

Sasa kabla hujaendelea KAA uangalie hiyo grafu ya kwanza, usiiruke. Utaona mwanga unapanda na kushuka taratibu, mlima na bonde, mlima na bonde, kwa siku nyingi. Hayo ni madoa. Nyota changa ina madoa makubwa ya baridi usoni na inavyojizungusha madoa yanakuja upande wetu na kuondoka. Kutoka mlima mpaka mlima utakuta ni siku 13 hadi 15 hivi, jua letu linachukua kama 25, na huo mzunguko wa haraka peke yake ni ushahidi wa ujana kwasababu nyota zinapunguza kasi kadri zinavyozeeka. Yani kabla hujapata sayari hata moja umeshapima kitu cha maana.

Hayo mawimbi ya madoa ni makubwa kuliko alama ya sayari, na hapa ndipo nyota changa zinapowashinda watu. Chukulia kama bahari, madoa ni maji kujaa na kupwa, polepole na kwa wingi, sayari ni kishimo kidogo kinachotokea juu ya maji kwa masaa matatu manne alafu kinapotea. Huwezi kukiona mpaka utoe kujaa na kupwa kwanza. Kitu kinachotuokoa ni kwamba kasi zao hazifanani, moja ni siku, nyingine ni masaa.

Kunyoosha

safi = lc.flatten(window_length=101)
safi = safi.remove_outliers(sigma_upper=4, sigma_lower=20)
safi.scatter()

Hiyo 101 ni idadi ya nukta, na nukta mbili ni saa moja, kwahiyo ni dirisha la kama siku mbili. Programu inachora mstari laini unaofuata wimbi ndani ya dirisha hilo alafu inagawanya. Namba hii ndio roho ya kazi nzima kwa nyota changa. Ukiweka ndogo sana, tuseme 11, mstari utafuata mpaka kishimo cha sayari na kukifuta, utabaki na grafu nyoofu iliyopendeza na sayari imeondoka. Ukiweka kubwa sana, tuseme 901, wimbi la madoa linabaki na litakuletea vishimo vya uongo. Kanuni yangu ni dirisha liwe angalau mara tatu ya muda wa kupita kwa sayari, na liwe fupi kabisa kulinganisha na mzunguko wa nyota. Hapa kupita ni masaa matatu na nusu hivi na mzunguko ni siku 13 au zaidi, kwahiyo siku mbili iko vizuri katikati. Jaribu 51, jaribu 201, weka grafu pembeni kwa pembeni. Lazima iwe namba isiyogawanyika kwa mbili.

Mstari wa pili nao una mtego. Ukiandika remove_outliers bila kitu ndani inakata nukta zote zilizo mbali na wastani, juu na CHINI, na nukta za chini kabisa ndio sayari yenyewe. Ndio maana nimeweka 4 kwa juu, ambako kuna milipuko ya nyota na uchafu wa kamera, na 20 kwa chini ili isiguse vishimo. Nimeona mafunzo mengi hayasemi hili, na kwa sayari kubwa kidogo linaua matokeo kabisa.

Ukichora sasa utaona mstari mnyoofu na vinukta vichache vimening'inia chini yake, kila baada ya siku 17 hivi. Hivyo unaviona kwa macho bila hesabu yoyote. Hiyo ni K2-136 c, moja ya zile tatu, zinaitwa b, c na d.

Kutafuta vipindi

vipindi = np.arange(5, 30, 0.002)
bls = safi.to_periodogram(method='bls', period=vipindi, duration=0.14)
bls.plot()
p = bls.period_at_max_power
t = bls.transit_time_at_max_power
print(p)
safi.fold(period=p, epoch_time=t).scatter()

BLS inachofanya ni kukunja data kwa kila kipindi ulichompa, siku 5, siku 5.002, siku 5.004 mpaka 30, na kila mara inauliza kama kuna kishimo chenye umbo la sanduku, cha siku 0.14 ambayo ni masaa matatu na dakika kama 20. Kipindi ambacho vishimo vinaangukiana vizuri ndio kinapata alama kubwa. Unatakiwa upate karibu na siku 17.31. Grafu iliyokunjwa itakuonyesha kishimo kimoja safi katikati kilichotokana na vyote vilivyoingia kwenye zile siku 80.

Kuza hiyo grafu usome kina. Mstari uko kwenye 1.0000 na chini ya kishimo ni kama 0.9984, yani mwanga umepungua 0.0016. Sasa hesabu ya darasani kabisa: mwanga uliozibwa ni eneo la sayari kugawa eneo la nyota, kwahiyo kipeuo cha pili cha 0.0016 ambacho ni 0.04 ndio nusukipenyo cha sayari kwa cha nyota. Nyota hii ni ndogo kuliko jua, nusukipenyo chake ni 0.67 ya jua, jua ni dunia 109, kwahiyo nyota ni dunia 73, zidisha 0.04 unapata 2.9. Karibu mara tatu ya dunia! Vipimo vilivyochapishwa vinasema 3 kasoro kidogo hadi 3, na wewe umefika hapo kwa kipeuo kimoja.

Ukitaka na umbali, tumia kanuni ya tatu ya Kepler, siku 17.3 na nyota yenye masi ya 0.74 ya jua zinakupa 0.12 ya umbali wa dunia na jua, kilomita milioni 18 hivi. Utaridi yetu iko 0.39, kwahiyo hii iko ndani sana kuliko Utaridi.

Sayari mbili zilizobaki

Ficha c kwanza, ukiiacha itaendelea kufunika wenzake:

d = bls.duration_at_max_power
ficha = safi.create_transit_mask(period=p, transit_time=t, duration=d*2)
baki = safi[~ficha]

Alafu rudia BLS kwenye baki. Kinachofuata kwa kawaida ni cha siku 25.6, hiyo ni sayari d, kina chake ni kama 0.00045 na ukubwa wake dunia moja na nusu hivi. Hapa kuwa makini maana kwenye siku 80 inapita mara tatu tu, na mara tatu ni chache, nukta mbovu mbili zinaweza kuigiza. Angalia kila kupita peke yake kwenye grafu isiyokunjwa, kama kimoja kipo na viwili havipo basi huna sayari. Ficha na hiyo, rudia tena, safari hii punguza duration iwe 0.1 na utafute chini ya siku 12, utapata karibu 7.98. Hiyo ni b, kina 0.0002 tu, sayari yenye ukubwa sawa na dunia kwenye fungu la nyota changa. Mimi hii ndio inayonigusa zaidi. Kishimo chake ukikitazama kimoja kimoja hukioni, kinazama kwenye kelele, ila ukivilaza vyote kumi juu ya kimoja kinatokea.

Kitu chochote utakachopata cha kipindi kinachogawanyika na masaa sita kitilie shaka, hayo ni masukumo ya darubini. Na ukipata nusu kamili au mara mbili ya kipindi ulichokwisha kukiona hiyo sio sayari mpya.

Je ni mwanafamilia kweli

Kumbuka Dabarani. Kama K2-136 imesimama tu mbele au nyuma ya Hyades basi umri wote tuliosema unaanguka, kwahiyo usikubali kwa kuambiwa. Ingia hazina ya data za Gaia, darubini ya Ulaya, tafuta nyota hii, soma paralaksi yake, yani jinsi nyota inavyoonekana kusogea kidogo wakati dunia inazunguka jua, ambayo ni karibu 17 kwa kipimo chao. Gawa 1000 kwa 17 unapata umbali wa paseki 59, paseki moja ni miaka ya nuru 3.26, kwahiyo mara 3.26 ni miaka ya nuru 192. Katikati ya fungu ni 153. Kwahiyo iko nyuma ya kitovu kwa karibu miaka 40 ya nuru, na kwa umbali peke yake mtu angeweza kubisha. Kinachomaliza ubishi ni mwendo. Nyota za Hyades zote zinatukimbia kwa karibu kilomita 39 kwa sekunde na zinateleza angani kuelekea upande mmoja, na K2-136 inakwenda nao, mwelekeo uleule na kasi ileile. Mwendo, umbali na ule mzunguko uliouona kwenye madoa vyote vinasema jambo moja.

Kuna jambo lingine ambalo data zako haziwezi kukuonyesha. Karibu kabisa na nyota hii kuna nyota mwenza mdogo mwekundu, umbali wa sekunde-tao 0.7 (sekunde-tao ni digrii moja kugawa 3600), na pikseli moja ya Kepler ni sekunde-tao 4, kwahiyo wote wawili wamo ndani ya pikseli moja. Darubini kubwa za ardhini zinazorekebisha mtetemo wa hewa ndizo zilimwona. Bahati nzuri amefifia sana kiasi kwamba mwanga wake hauharibu hesabu yetu ya ukubwa, ila kwa nyota nyingine mwenza wa namna hiyo angeweza kukufanya uione sayari ndogo kuliko ilivyo.

Uzito nao hautoki kwenye kupita. Kwa hilo walitumia vipima mtikisiko vya HARPS-N na ESPRESSO, na 2023 ikatoka kwamba c ina uzito wa kama dunia 18. Neptuni ina uzito wa dunia 17 lakini upana wake ni karibu dunia nne, hii ina uzito huohuo ndani ya upana wa tatu, kwahiyo imeshiba, msongamano wake ni zaidi ya mara mbili ya Neptuni. Na hiyo ni kwenye familia moja na ile b yenye ukubwa wa dunia, nyota moja, umri mmoja.

Ukishaiweza hii

Nenda TOI-837. Iko kwenye fungu la IC 2602, miaka milioni 35 hivi tu, na fungu hilo liko kusini kabisa mwa anga, Ulaya hawalioni lakini sisi wa Tanzania na Kenya linatupitia upande wa kusini. Data ni za TESS, sayari inapita kila siku 8.3. Badilisha jina kwenye search_lightcurve na uandike mission='TESS' badala ya campaign, na author='SPOC' badala ya 'K2SFF'. Mambo mawili yatabadilika: nyota inajizungusha kwa siku tatu hivi, wimbi lake ni la haraka zaidi, kwahiyo dirisha la siku mbili halifai tena, anza na kama siku moja kasoro na ushuke au upande kutoka hapo. Na data za TESS za dakika mbili zina nukta 30 kwa saa badala ya mbili, usije ukaacha 101 vilevile maana hapo itakuwa dirisha la masaa matatu na sayari itafutika yote. Piga hesabu ya masaa kwanza, ndio uandike namba.